Msanii wa Uraibu na Mtoza Ushuru: Nani Amjuze Mwenzake?

Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mtu asiyejua kuweka akiba. Hata hivyo, yupo mtu mwingine katika jamii ya leo awezaye kuielewa kwa namna ya pekee, naye ni msanii wa uraibu: yule anayechora usiku baada ya kazi au masomo, akachapisha nakala chache za michoro yake, akazipeleka kwenye kongamano la siku mbili na kuziuza mezani. Buyu lake ni dogo mno. Swali ni vidole vingapi vina haki ya kuchovya humo, na kwa utaratibu gani.

Neno kongamano lisimpotoshe msomaji aliyezoea makongamano ya wasomi, yenye mada ndefu na chai ya saa nne. Yanayorejelewa hapa ni mikutano ya wapenzi wa vibonzo, filamu za katuni za Kijapani na michezo ya kompyuta, ambayo ilishika mizizi jijini Nairobi katika miaka ya 2010, NAICCON likiwa miongoni mwa yale yaliyovuma. Vijana huja wamevalia kama wahusika wanaowapenda, na katika ukumbi huohuo hupangwa meza za wachoraji. Mezani huuzwa nakala za michoro, vibandiko, beji, vishikio vya funguo na, mara mojamoja, kitabu kizima cha vibonzo alichokitunga mchoraji mwenyewe. Kizazi kilichokua kikimsoma Juha Kalulu wa E. G. Gitau katika gazeti la Taifa Leo kilimjua mchoraji kupitia gazeti tu. Mchoraji wa leo hana mhariri wala mchapishaji baina yake na msomaji. Anauza mkono kwa mkono, na malipo yanaingia kwenye simu yake kupitia M-Pesa. Uhuru huo una gharama yake, kwa kuwa kazi ya hesabu na leseni ambayo ingeshughulikiwa na ofisi ya gazeti sasa inamwangukia yeye peke yake.

Katika vitabu vya shule nchini Kenya, neno uraibu hufunzwa kwa maana ya jambo alipendalo mtu kulifanya wakati wa mapumziko. Mpwani mkongwe huenda akatabasamu asikiapo hivyo, kwani kwake uraibu ni tambuu na viungo vyake, kitu ambacho mtu akishakizoea hakimwachi. Maana zote mbili zinamfaa mchoraji. Sheria ya ushuru, kwa upande wake, haimjui mraibu wa aina yoyote. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, inaifasiri biashara kuwa ni pamoja na uchuuzi, taaluma, ufundi na hata jaribio lolote lenye sura ya biashara, ila ajira ndiyo iliyotolewa nje. Fasiri hiyo ni pana kama bahari. Mwenye kuchapisha vibandiko hamsini kwa nia ya kuviuza kwa faida amekwisha kuingia majini, awe anajua kuogelea au hajui.

Ni vyema jambo hili likubaliwe mapema, maana miongoni mwa wachoraji kuna imani iliyoenea kwamba kitu kifanywacho kwa mapenzi hakiwezi kuwa biashara. Imani hiyo ni tamu lakini haina msingi. Katika ngoma na taarabu za mwambao, mtazamaji aliyeguswa na wimbo huinuka akamtunza mwimbaji, na hiari ya kutoa ni yake yeye mtazamaji. Meza ya kongamano haiko hivyo. Mchoraji amebandika bei, amehesabu gharama ya karatasi na wino, amelipia nafasi ya meza, na mteja asiyetoa pesa haondoki na mchoro. Huyo ni muuzaji. Kudai kwamba sanaa iondolewe kabisa kwenye ushuru kwa sababu ni sanaa ni kudai upendeleo ambao mama muuza mboga wa Gikomba hana, ilhali naye huenda anayapenda mapishi.

Kosa la sheria liko mahali pengine. Sheria imeandikwa kana kwamba nchini kuna watu wa aina mbili tu: mwajiriwa ambaye mwajiri wake humkatia ushuru kila mwezi, na mfanyabiashara mwenye duka, vitabu na mhasibu. Msanii wa uraibu yuko baina ya hao wawili, na kila mlango anaobisha anaulizwa stakabadhi za mwenye duka.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alipoomba mkopo wa elimu ya juu alihitaji nambari ya PIN ya Halmashauri ya Ushuru ya Kenya, KRA. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, ameketi mbele ya kompyuta ya rafiki au ya saiba akawasilisha ritani ya sufuri, yaani tamko kwamba hakupata chochote mwaka uliotangulia. Wanafunzi hufanya hivyo kwa maelfu, wengine wakiongozwa na mhudumu wa saiba asiyeuliza swali lolote, kwa kuhofia faini ya shilingi 2,000 ya kuchelewa. Sasa mwanafunzi huyu ameuza michoro ya shilingi 20,000 katika kongamano moja, na baada ya gharama amebaki na shilingi 12,000. Je, anadaiwa ushuru? Hadaiwi hata ndururu. Nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi humaliza ushuru wa mtu asiyezidisha mapato ya shilingi 288,000 kwa mwaka. Lakini sufuri aliyoiandika si kweli tena. Amekuwa mtu asiyekuwa na deni ambaye ametoa tamko la uongo kwa dola, na hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na tofauti kati ya kutodaiwa na kutopata. Makosa ya namna hii hayamletei Waziri wa Fedha hasara ya shilingi moja. Yanachofanya ni kumzoesha kijana, tangu mwanzo wa utu uzima wake, kwamba fomu ya serikali ni kitu cha kujazwa tu ili kipite.

Hali ya mwalimu au karani achoraye jioni ni ngumu zaidi, na hapa ndipo hesabu inapoonyesha kioja. Iwapo mshahara wake ni shilingi 50,000 kwa mwezi, nafuu yake yote imekwisha kutumika kwenye mshahara huo, na kila shilingi ya ziada huangukia daraja la asilimia 30. Faida yake ya shilingi 12,000 itatozwa shilingi 3,600. Mwenye duka la mauzo ya shilingi milioni 2 kwa mwaka, kinyume chake, yuko chini ya ushuru wa mauzo ghafi, ambao tangu Julai 2023 hutozwa kwa asilimia 3 kwa wenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25. Duka hilo litalipa shilingi 60,000 na suala kuishia hapo. Ukiyapima malipo hayo kwa mauzo, mwenye duka ametoa asilimia 3 na karani mchoraji asilimia 18. Ni kweli kwamba mwenye duka hulipa hata akipata hasara, na hilo si jambo dogo. Lakini karani huyu angefurahi sana kuruhusiwa kulipa asilimia 3, ambayo kwake ingekuwa shilingi 600, na angelipa siku hiyohiyo kwa simu. Haruhusiwi kwa sababu yeye ni mdogo mno. Sakafu ya shilingi milioni 1, iliyowekwa Aprili 2020, yumkini kwa nia ya kumhurumia mnyonge, imemwacha mnyonge mwenye ajira nje ya mlango ulio rahisi na kumrudisha kwenye ule mgumu.

Hesabu hiyo bado ni ya mtu mwenye stakabadhi. Kuanzia tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara haikubaliwi kupunguza mapato yanayotozwa ushuru isipokuwa iwe na ankara ya mfumo wa kielektroniki uitwao eTIMS, ukiacha mambo machache yaliyosamehewa. Michoro ya makongamano huchapishwa wapi? Mingi huchapishwa katika vyumba vidogo vya mtaa wa River Road na viunga vyake, ambako mwenye mashine hupokea faili kwa simu, hutoa nakala kwa nusu saa na huandika bei kwenye kipande cha karatasi, kama anaandika. Kipande hicho hakimfai karani wetu kitu. Asipokuwa na ankara inayotambulika, gharama yake ya shilingi 8,000 inahesabiwa kuwa haikutokea, na ushuru unapigwa juu ya shilingi 20,000 zote. Hapo atadaiwa shilingi 6,000, ambazo ni nusu kamili ya alichobaki nacho baada ya miezi kadhaa ya kukesha. Desemba 2024 Bunge lilirekebisha sheria na kuruhusu mnunuzi amtolee ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5. Kwa maneno mengine, mchoraji anaweza kumwandikia mwenye mashine ankara ya kazi ambayo mwenye mashine amemfanyia. Ni suluhu yenye ujanja, na yafaa isifiwe kwa kiasi chake. Lakini kwanza mchoraji mwenyewe sharti awe amesajiliwa katika mfumo huo, na akishasajiliwa, kwa tafsiri ya moja kwa moja ya sheria, naye anapaswa kumtolea ankara kila mtoto anayenunua kibandiko cha shilingi 50.

Yeyote aliyesimama nyuma ya meza hizo saa nane mchana, foleni ikiwa imefika kwenye mlango wa choo na mtandao wa simu umelemewa, ajua kwamba jambo hilo halifanyiki. Sheria isiyofanyika hugeuka kuwa sheria ya kuchagua: huwapata wachache waliojitokeza kwa uaminifu, na kuwaacha wengi walionyamaza.

Isitoshe, kanuni zenyewe hazikai mahali pamoja. Hadi mwisho wa mwaka 2018 kulikuwa na ushuru wa mauzo ghafi wa asilimia 3. Kuanzia Januari 2019 ukaondolewa, pakawekwa ushuru wa makadirio uliokuwa asilimia 15 ya ada ya kibali cha biashara. Januari 2020 ule wa asilimia 3 ukarejea. Aprili mwaka huohuo, wakati wa janga la korona, ukashushwa hadi asilimia 1 na ule wa makadirio ukafutwa. Julai 2023 ukapanda tena hadi asilimia 3. Kijana aliyeanza kuuza michoro akiwa mwaka wa kwanza chuoni mwaka 2018 na kuhitimu baada ya miaka minne, halafu akasubiri kazi mwaka mmoja, alishuhudia mageuzi manne ya utaratibu ambao huenda haukumhusu, na ambao ili ajue kama unamhusu ilimbidi ausome wote.

Suala la jina linastahili kuzingatiwa na wanafunzi wa fasihi kuliko watu wengine. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499, inamtaka mtu anayefanya biashara kwa jina lisilo lake halisi alisajili jina hilo. Anayeuza kwa jina lake la ukoo, akiliongezea majina yake mengine au herufi zake za kwanza, hahitaji. Nia ya sheria ni njema: mteja aliyetapeliwa aweze kujua aliyemtapeli ni nani. Lakini wachoraji wa makongamano, karibu wote, hujulikana kwa lakabu. Lakabu ndiyo inayotiwa pembeni mwa mchoro, ndiyo inayoandikwa juu ya meza, na ndiyo wasomaji wanayoitafuta mwaka unaofuata. Katika fasihi ya Kiswahili hakuna jambo la kawaida kuliko hilo. Ustadh Ahmad Nassir alijulikana kama Malenga wa Mvita, na Mwinyihatibu Mohamed kama Malenga wa Mrima, na kurasa za mashairi za magazeti zimejaa washairi ambao majirani zao wanawajua kwa jina moja na wasomaji kwa jingine. Hakuna aliyewahi kuiona lakabu ya malenga kuwa kibao cha duka. Mchoraji anayetia lakabu yake kwenye mchoro anafanya jambo lilelile. Tofauti ni kwamba yeye ameutoa mchoro huo mezani mwenyewe, ilhali shairi liliuzwa na gazeti. Je, sahihi ya msanii inageuka jina la biashara kwa sababu tu hapana mtu wa kati? Sheria haijajibu swali hilo kwa uwazi, na yafaa ijibu. Wapo wachoraji wenye sababu nzuri za kuficha majina yao, hususan wasichana ambao hufuatwafuatwa na mashabiki wasio na adabu, na si haki kwamba njia pekee ya kuwa salama mbele ya sheria iwe ni kuuweka utambulisho wao katika daftari linaloweza kufunguliwa na yeyote mwenye kulipa ada.

Suala la hakimiliki, yaani haki ya kumchora na kumuuza mhusika aliyebuniwa na kampuni ya Kijapani au ya Kimarekani, lina uzito wake na ukumbi wake, nalo haliwezi kutatuliwa kwa stakabadhi ya ushuru.

Baada ya dola kuu inakuja kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliwapa magavana na mabaraza yao mamlaka juu ya leseni za biashara, na papo hapo juu ya shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Meza ya mchoraji katika kongamano imo ndani ya mambo yote mawili. Kibali cha biashara cha kaunti kwa kawaida hutolewa kwa mwaka mzima, na ada yake hupangwa kwa kuangalia aina ya biashara, ukubwa wake na mahali ilipo. Mchoraji hana mahali. Ana meza ya siku mbili, aliyoikodisha kutoka kwa mwandalizi aliyekodisha ukumbi kutoka kwa mwenye jengo. Kesho akialikwa kwenye tamasha la Mombasa au Kisumu atakuwa amevuka mpaka na kuingia chini ya kaunti nyingine kati ya zile 47, yenye orodha yake ya ada. Ndani ya ukumbi wa jengo la biashara ni nadra askari wa kaunti, maarufu kanjo, kuja kuuliza vibali vya meza kwa meza. Lakini usalama unaotegemea kutoulizwa si haki ya mtu. Mchoraji huyohuyo akiipeleka meza yake kwenye tamasha la uwanjani, au akatandaza michoro kando ya barabara baada ya kongamano kwisha ili apunguze mzigo wa kurudi nao nyumbani, atakutana na upande mwingine wa sheria hiyohiyo, na bidhaa zake zitapanda gari la kaunti pamoja na mitumba na ndizi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni malalamiko ya watu wachache wanaojipatia pesa za vocha. Serikali ina mambo makubwa ya kushughulikia, nao wachoraji wenyewe hawajawahi kusikika wakishtakiwa. Hoja hii ina nguvu ya kiasi. Walakini inasahau jinsi sanaa inavyokua. Meza ya kongamano ndiyo shule ya pekee ambayo mchoraji wa vibonzo anayo. Hapo anajua kwa mara ya kwanza ni hadithi gani inayomfanya mtu asiyemjua atoe mkoba, ni lugha gani ya maneno ya wahusika inayowachekesha watu na ipi inayowachosha. Akiogopa kukua kwa sababu kukua kunamwingiza kwenye giza la fomu, atabaki kuwa mtu wa vibandiko hamsini maisha yake yote. Wachoraji husikika wakisema waziwazi kwamba wanaona heri wasiuze zaidi, wasije wakaonekana. Hiyo ndiyo hasara ambayo haiandikwi kwenye hesabu za KRA. Na ni hasara ya Kiswahili pia, maana soko la vitabu vya vibonzo vya Kiswahili kwa wasomaji waliokwisha kutoka shule ya msingi ni finyu mno, na wachapishaji wakubwa, ambao riziki yao hutegemea vitabu vya kiada, hawana haraka ya kulipanua.

Nchi nyingine zimelishughulikia jambo hili bila mbingu kuanguka. Uingereza, tangu Aprili 2017, huruhusu mtu kupata hadi pauni 1,000 kwa mwaka kutokana na biashara ndogondogo bila kulipa kodi, na kwa kawaida bila hata kuitolea taarifa. Hapa jirani, Desemba 2018, Rais John Magufuli wa Tanzania alianzisha vitambulisho vya wajasiriamali wadogo. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 za Tanzania kwa mwaka alilipa shilingi 20,000, akapewa kitambulisho, akawa na kitu cha kumwonyesha mgambo. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake katika utekelezaji, na waliolazimishwa kuvinunua vitambulisho hawakukosa la kusema. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo sheria ya Kenya haina: ulimtaja mtu mdogo kwa jina lake, ukamwambia kiasi, ukamwambia akilipa hicho basi.

Kenya inaweza kufanya vizuri zaidi kwa juhudi ndogo. Mtu mwenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 1 apewe hiari ya kulipa asilimia 3 ya mauzo yake na kumaliza, badala ya kufungiwa nje. Mwenye mauzo madogo kabisa, ya kiwango ambacho Bunge litakitaja kwa tarakimu, asidaiwe ushuru wala ankara, ila aandike mstari mmoja katika ritani yake kwamba aliuza. Kibali cha mwandalizi wa kongamano kihesabiwe kuwa kibali cha meza zote zilizomo ukumbini kwa siku hizo, naye mwandalizi aweke orodha ya waliouza ili atakayedhulumiwa ajue pa kuanzia. Orodha hiyo ingetosha pia kuondoa haja ya kusajili lakabu. Hofu kwamba wafanyabiashara wakubwa watajificha nyuma ya wachoraji si ya kupuuzwa, kwani katika makongamano hayohayo mna meza zinazouza bidhaa zilizoagizwa kwa makasha kutoka China. Lakini kikomo cha mauzo kikifungwa kwenye PIN ya mtu, mwenye makasha hatajificha kwa muda mrefu.

Upo pia wajibu wa wachoraji. Daftari la shilingi 50 lenye tarehe, mauzo na gharama si mzigo mkubwa kwa mtu awezaye kuchora kurasa arubaini za hadithi. Kumuuliza mwenye mashine wa River Road kama anatoa ankara ya eTIMS, na kumhama asipotoa, ni jambo lililo mikononi mwao. Vyama vyao, pale vilipo, vingefanya vyema kuacha kwa muda mjadala wa nani aliiga mtindo wa nani na kumwalika mhasibu mmoja jioni moja.

Linabaki suala la lugha. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 201 inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Ni vigumu kuona jinsi mzigo unavyogawanywa kwa haki ikiwa maandishi yanayoeleza uzito wake hayasomeki kwa mbebaji. Juni 2024, vijana walipoupinga Mswada wa Fedha, na wengine wakapoteza maisha yao, hadi Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi tarehe 26, jambo moja lilionekana ambalo halikutarajiwa. Watu wasiokuwa wanasheria waliusoma mswada kifungu kwa kifungu na kuufasiri kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi ili wazazi wao wauelewe. Wachoraji nao waliueleza kwa vibonzo. Kazi hiyo ilifanywa bila malipo, usiku, na watu wa aina hiihii inayozungumziwa hapa, na ilifanywa kwa sababu waliokuwa na wajibu wa kuifanya hawakuifanya.

Istilahi zipo, au zinaweza kupatikana. Neno ushuru lenyewe lina asili ya Kiarabu na hapo kale lilihusu fungu la kumi, kiwango ambacho karani wa mfano wetu angekipokea kwa shukrani. Mauzo ghafi, ankara, nafuu ya kibinafsi, mapato yanayotozwa ushuru: hakuna hata moja kati ya haya linalomshinda msomaji wa Taifa Leo. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu hutoa kila mwaka tasnifu za tafsiri zinazokaa maktabani bila msomaji. Mwongozo wa kurasa nne kwa ajili ya msanii mdogo, uliotafsiriwa vizuri na kuhakikiwa na mhasibu, ungeweza kuwa zoezi la muhula mmoja, na ukachapishwa na kugawiwa mlangoni mwa kongamano pamoja na tikiti.

Kwa sasa, tarehe 30 Juni inapokaribia, mwanafunzi aliyeuza michoro ya shilingi 20,000 anafungua ritani. Mahali pa kutangaza sufuri panapatikana mara moja. Mahali pa kutangaza biashara pamo pia, ndani ya jedwali lenye kurasa nyingi lililoandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, ambalo linamtaka aeleze thamani ya bidhaa zilizobaki mwishoni mwa mwaka. Anazo beji saba na vibandiko kumi na viwili chini ya kitanda. Nyuma yake kwenye saiba kuna foleni, na mhudumu ameshamuuliza mara mbili kama amemaliza.